Nyumba ya kwanza ya kupangisha Malindi: reti ni shilingi 6,200 au 18,700?

Bint Ngala (mwanzilishi wa uzi)

Asalaam aleikum nyote. Mimi ni mwalimu, na baada ya miaka kumi na moja ya kuweka akiba nimekaribia kununua nyumba yangu ya kwanza ya kupangisha hapa Malindi. Ina vyumba vinne, kila kimoja kina choo na bafu lake ndani, na imejengwa juu ya ploti ya futi hamsini kwa mia. Kila chumba kinapangishwa kwa shilingi 8,000 kwa mwezi, na muuzaji anataka shilingi 3,800,000. Nitatoa akiba yangu na kuongezea mkopo wa sacco wa shilingi 1,500,000.

Kinachonikosesha usingizi ni hiki. Muuzaji aliniambia kwamba reti, yaani ile kodi ya ardhi inayotozwa na kaunti, ni shilingi 6,200 kwa mwaka. Jioni ileile nilizungumza na jirani wa ukuta wa pili, ambaye ploti yake ni ya ukubwa uleule, naye akanitolea bili yake kutoka kwenye mfuko wa nailoni: shilingi 18,700. Vipi ploti mbili zinazogusana ziwe na tofauti ya zaidi ya mara mbili? Na ninyi mliotangulia, kodi hizi mliziingiza vipi kwenye hesabu kabla ya kukubali bei?

---

Mzee wa Kibokoni

Waaleikum salaam, binti yangu. Kabla ya kutafuta maelezo ya mbali, itazame tena bili ya jirani. Bili ya reti huwa na mstari wa deni lililoletwa kutoka mwaka uliopita, kisha mstari wa adhabu ya kuchelewa, kisha reti ya mwaka huu, na mwisho jumla. Watu wengi husoma jumla peke yake kwa sababu ndiyo iliyoandikwa kwa wino mzito. Mtu aliyekosa kulipa miaka miwili atakuonyesha tarakimu kubwa akidhani ndiyo reti yake ya mwaka, na hakudanganyi, hajui tu. Mimi naamini reti halisi ya ploti zote mbili ni ileile, na jirani yako anadaiwa.

---

Baharia wa Barani

Hongera, dada. Mimi naona unahangaikia kisichokuwa na uzito. Reti ni kitu kidogo. Mzigo wenyewe ni ule ushuru wa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, wa asilimia 10 juu ya kodi unayopokea, ambao humhusu yeyote anayepata zaidi ya shilingi 144,000 kwa mwaka. Wewe unapata 384,000. Toa 38,400 kabla hujanunua hata kopo la rangi.

---

Hesabu Safi

Ndugu Baharia, umetoa takwimu za zamani, na ni vyema tuzirekebishe mapema ili dada asije akazipeleka kwa muuzaji. Ushuru wa mapato ya pango la makazi ulianza Januari 2016 kwa asilimia 10, na kiwango cha chini cha mapato yanayotozwa kiliwahi kuwa shilingi 144,000 kwa mwaka. Baadaye kiwango cha chini kikapandishwa hadi 288,000 na cha juu hadi milioni 15. Tangu Januari 2024 ushuru wenyewe umekuwa asilimia 7.5. Hutozwa juu ya kodi yote iliyopokelewa, bila kutoa gharama yoyote, na ripoti yake hupelekwa kila mwezi, isizidi tarehe 20 ya mwezi unaofuata.

Sasa, Bint Ngala, niruhusu nikufanyie hesabu yako kama ambavyo ningeifanya yangu. Kodi ya mwaka mzima ni 384,000, lakini vyumba havikai na watu miezi kumi na miwili mfululizo. Tuchukulie kwamba kila chumba kitakaa wazi mwezi mmoja kwa mwaka: inabaki 352,000. Asilimia 7.5 ya hiyo ni 26,400. Weka 45,000 za matengenezo, kwa maana pampu ya kisima itaharibika, shimo la choo litajaa na rangi itabanduka kwa chumvi. Ukilipa reti ya 6,200 unabaki na 274,400. Ukilipa 18,700 unabaki na 261,900.

Upande wa mtaji, usihesabu 3,800,000 peke yake. Ndani ya manispaa ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani, yaani 152,000, na mthamini wa serikali akiona kwamba thamani ni kubwa kuliko bei mliyoandika, utalipa kwa thamani yake yeye. Weka 80,000 za wakili na shughuli nyingine. Jumla ni 4,032,000. Kwa reti ndogo unapata faida ya asilimia 6.8 kwa mwaka, na kwa reti kubwa asilimia 6.5. Kwa hiyo Baharia ana haki kwa sehemu: reti peke yake haiui biashara. Lakini itazame kwa upande wa bei. Shilingi 12,500 zaidi kila mwaka, ikiwa unataka faida ileile ya asilimia 6.8, ni sawa na kupunguza karibu shilingi 184,000 kwenye bei ya kununulia. Hizo si za kumwachia muuzaji kwa sababu tu hukuuliza.

---

Baharia wa Barani

Nimesahihishwa na nimekubali. Asante, Hesabu Safi. Lakini nina wazo jingine kuhusu ile tofauti. Dada, jirani yako hana ghorofa? Nyumba kubwa, reti kubwa. Huenda jibu ni hilo tu.

---

Mpima wa Mayungu

Hapana, ndugu yangu. Kwa desturi ya muda mrefu hapa Kenya, miji mingi imetoza reti juu ya thamani ya kiwanja kitupu, si juu ya jengo. Ukijenga kibanda cha makuti au ghorofa tatu juu ya viwanja viwili vinavyofanana, reti ilitakiwa kuwa ileile. Sheria ya zamani, Sura ya 267, iliruhusu mamlaka kuongeza kiwango juu ya majengo, ila si jambo lililozoeleka. Sasa tuna Sheria ya Kitaifa ya Reti ya mwaka 2024, na inafaa kila mwenye ploti aifuatilie kaunti yake itakavyoitumia wakati wa kutengeneza daftari jipya la uthamini.

Maelezo yangu ni tofauti na ya Mzee. Reti hutokana na daftari la uthamini, yaani orodha ya ploti na thamani zake, na daftari likikaa miaka mingi bila kufanywa upya, ploti zilizogawanywa baadaye hazimo ndani yake kwa namba zake mpya. Nairobi ilitumia daftari la mwaka 1980 kwa takriban miaka arobaini. Nimepima viwanja vingi ambavyo shamba mama la ekari mbili lilikatwa vipande vinane, na miaka kumi baadaye bili bado inatoka kwa namba ya shamba mama, au kipande kimoja kimethaminiwa upya wakati kile cha pili hakijaguswa. Dada, linganisha namba ya ploti iliyo kwenye bili na ile iliyo kwenye hati. Zikitofautiana hata kwa mkwaju mmoja (alama hii: /) na tarakimu moja baada yake, umepata jibu.

---

Mzee wa Kibokoni

Mpima, nakuheshimu, lakini wewe kila ugonjwa ni ramani. Hata mwanao akipata homa utamwuliza namba ya ploti. Narudia: deni la nyuma.

---

Mwana wa Mkomani

Salamu kutoka Lamu. Nimesoma uzi huu kwa makini kwa sababu nami nilinunua nyumba ya kupangisha, ya mawe, ndani ya mji wa kale. Kwetu swali la kwanza halikuwa reti, lilikuwa kama nyumba yenyewe inauzika. Nyumba nyingi Lamu ni wakfu, ama wa msikiti ama wa kizazi cha aliyeiweka, na kilichowekwa wakfu hakiuzwi wala hakirithiwi kama mali ya kawaida. Nilioneshwa nyumba nzuri sana Langoni, daka lake zima na vidaka vya ukutani vyote vipo, na dalali akataka amana siku ileile. Bibi mmoja jirani ndiye aliyeniita pembeni na kuniambia kwamba kodi ya nyumba ile tangu enzi za babu yake ilikuwa ikienda kwenye mafuta ya taa ya msikiti. Niliondoka na fedha zangu mfukoni.

Ile niliyoinunua hatimaye, reti yake ya mwaka mzima haifikii gharama ya kubadilisha boriti tatu. Mji wa kale umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, kwa hiyo huwezi kubomoa ukuta na kuweka matofali ya saruji kwa matakwa yako. Unatafuta fundi wa chokaa, unatafuta boriti za mkoko, na kila kitu kinafika mlangoni kwa punda, mfuko baada ya mfuko, kwa sababu gari haliingii. Mwaka wa kwanza niliondoa plasta ya saruji ambayo mwenye nyumba wa kabla yangu aliipaka. Chini yake mawe ya matumbawe yalikuwa yametoka jasho la chumvi, na ukiyagusa yanamomonyoka kama sukari guru. Kwa hiyo wanaonunua huku, katika ile 45,000 ya Hesabu Safi, ongezeni mara tatu.

---

Mama Wapangaji

Habari zenu. Mimi nina nyumba nane, na sikubaliani kabisa na kauli kwamba reti ni kitu kidogo. Ya mwaka ni ndogo. Ya nyuma ndiyo inayoumiza.

Mwaka 2017 nilinunua ploti yenye nyumba mbili katika mji mmoja wa pwani. Wakili alifanya upekuzi kwenye masjala ya ardhi na daftari likarudi safi: hakuna rehani, hakuna zuio. Nikatoa amana ya asilimia kumi. Tulipofika kwenye kuomba cheti cha kutodaiwa reti, likaibuka deni la shilingi 214,000, la miaka kumi na minne pamoja na adhabu zake. Muuzaji akasema hakujua, na kwamba marehemu baba yake ndiye aliyekuwa akilipa. Alikuwa amekwisha kuitumia amana yangu kulipa karo. Tulizozana miezi mitano.

Nilichojifunza, na ambacho nakuomba ukiweke moyoni, dada Bint Ngala, ni kwamba upekuzi safi hauna maana kwamba hakuna deni la reti. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 28, inayahesabu madeni ya reti miongoni mwa haki zinazoishika ardhi hata kama hazikuandikwa kwenye daftari. Wakati ule kifungu cha 38 kilimkataza msajili kusajili uhamisho bila cheti cha kaunti kwamba reti zote zimelipwa. Maana yake ni kwamba deni halimfuati mtu, linaifuata ardhi, na uhamisho wako unaweza kukwama hadi mtu fulani alipe. Huyo mtu fulani, kama umekwisha kutoa amana na una haraka, atakuwa wewe.

Kwa hiyo siku hizi siweki saini mkataba wowote ambao hauna sharti kwamba muuzaji alete vyeti vya kutodaiwa kwa gharama yake, na kwamba asipoleta, nitalipa mimi na kukata kwenye salio. Amana yenyewe hukaa kwa wakili wangu, haifiki mkononi mwa muuzaji.

---

Bint Ngala

Mama Wapangaji, nimesoma hadi mikono ikawa baridi, maana kesho nilikuwa nipeleke 380,000 moja kwa moja kwa muuzaji. Nimeahirisha. Ahsante sana.

Nimeipata nakala ya hati. Imeandikwa kwamba ardhi imekodishwa na serikali kwa miaka 99 kuanzia mwaka 1953. Mimi nilidhani ni umiliki huru. Je, hili linabadilisha hesabu?

---

Mzee wa Kibokoni

Linabadilisha, binti yangu, na huenda likanilazimu nilegeze msimamo wangu. Ardhi ya umiliki huru hulipiwa reti ya kaunti tu. Ardhi iliyokodishwa na serikali hulipiwa reti ya kaunti na vilevile kodi ya ardhi kwa serikali kuu, kila mwaka. Ni malipo mawili kwa wakubwa wawili, na kila mmoja ana cheti chake cha kutodaiwa. Muuzaji wako amekutajia moja. Jirani yako, kama naye hati yake ni ya aina hiyo, pengine amezoea kuyajumlisha yote mawili na kuita reti. Hapa Malindi nimesikia wazee wengi wakiyaita yote kwa jina moja.

Na hilo la mwaka 1953 usilipite juu juu. Miaka 99 inaisha 2052. Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 13, inampa raia wa Kenya anayeishikilia ardhi nafasi ya kwanza ya kupewa tena muda ukiisha, ila kuhuisha kuna gharama, na kodi ya ardhi hutazamwa upya kwa thamani ya wakati huo. Ile ya mwaka 1953 iliandikwa wakati shilingi ilikuwa na nguvu.

---

Mpima wa Mayungu

Mzee, bili aliyooneshwa ilitoka kwenye mfuko wa nailoni, ilikuwa karatasi moja. Kodi ya serikali kuu haiandikwi kwenye karatasi ya kaunti. Bado nasimama na namba ya ploti.

---

Kipepeo wa Gede

Naomba nami niulize palepale, kwa kuwa niko kwenye hali inayofanana. Nyumba yangu niliirithi kwa marehemu shangazi, iko Maweni, lakini ni nyumba bila ardhi: sisi ni wenye nyumba, na kiwanja ni cha familia nyingine ambayo humtuma mtu kuchukua kodi ya kiwanja kila mwaka. Nimepangisha vyumba sita. Je, reti ni yangu au ni ya mwenye kiwanja? Na ushuru wa KRA je?

---

Hesabu Safi

Reti ni ya mwenye ardhi, kwa sababu yeye ndiye aliyemo kwenye daftari. Ushuru wa pango ni wako, kwa kuwa kodi ya vyumba inaingia mkononi mwako wewe. Zidisha kodi ya vyumba vyako kwa miezi kumi na miwili. Ikipita 288,000, yaani wastani wa 24,000 kwa mwezi, uko ndani ya ile asilimia 7.5. Kama haifiki, mapato hayo huyaripoti kwenye marejesho yako ya kila mwaka pamoja na mapato mengine. Kodi ya kiwanja unayoilipa haipunguzi chochote katika asilimia 7.5.

---

Mama Wapangaji

Kwa Kipepeo, ongezea hili: hifadhi kila stakabadhi ya kodi ya kiwanja, hata ile iliyoandikwa kwenye karatasi ya daftari la shule. Ardhi ikiuzwa kwa mtu mwingine, karatasi hizo ndizo zitakazozungumza kwa niaba yako. Na kwa wengine wanaotafuta nyumba ya kwanza: nyumba bila ardhi huwa rahisi kwa bei na haina reti, kwa hiyo kwenye karatasi inaonekana na faida kubwa kuliko zote. Faida hiyo ni malipo ya hatari unayoibeba. Usiilinganishe na nyumba yenye hati kana kwamba ni bidhaa moja.

---

Baharia wa Barani

Nina swali kwa Hesabu Safi, na safari hii nauliza, sidai. Mwenye mkopo si ana nafuu ya riba ya mkopo wa nyumba kwenye kodi ya mshahara? Dada ana mkopo wa sacco wa milioni moja na nusu.

---

Hesabu Safi

Swali zuri, na wengi huteleza hapo. Nafuu hiyo ni ya nyumba unayoishi mwenyewe. Nyumba ya kupangisha haimo.

Kuna njia nyingine. Mwenye nyumba anaweza kumwandikia kamishna kwamba hataki kutozwa ile asilimia 7.5, kisha akaripoti kila mwaka na kutoa gharama zake: riba, reti, kodi ya ardhi, bima na matengenezo. Tufanye ya Bint Ngala. Tuseme riba ya sacco ni asilimia 12, mwaka wa kwanza haizidi 180,000. Chukua 352,000, toa 45,000 za matengenezo, toa reti ya 18,700, toa riba: zinabaki 108,300. Hizo zinapanda juu ya mshahara wake, na kwa mwalimu anayepata zaidi ya shilingi 32,333 kwa mwezi zitatozwa asilimia 30. Ni 32,490. Asilimia 7.5 ilikuwa 26,400. Kwa hiyo kwake njia rahisi ndiyo nafuu, na kila mwaka riba ikipungua ndivyo itakavyozidi kuwa nafuu. Lakini mtu aliyekopa milioni mbili na nusu kwa asilimia 14 analipa riba ya karibu 350,000 mwaka wa kwanza. Huyo kwa njia ya pili halipi kitu. Kila mtu na mkopo wake.

---

Mgeni wa Watamu

Samahani kwa kuchelewa. Kwa nini dada asivigeuze vyumba viwili viwe vya wageni wa siku chache? Desemba chumba kimoja kinaweza kulipa kwa wiki kiasi ambacho mpangaji analipa kwa miezi miwili.

---

Hesabu Safi

Anaweza, ila asidhani kwamba asilimia 7.5 itamfuata huko. Ile ni ya makazi ya kudumu. Kulaza wageni ni biashara: kuna kibali cha biashara cha kaunti, leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, tozo ya utalii ya asilimia 2, na mapato yake huripotiwa kama mapato ya biashara. Kwa nyumba ya kwanza, huku akifundisha darasani hadi saa kumi, sitamshauri.

---

Mpima wa Mayungu

Lakini Mgeni ametupa maelezo ya nne bila kukusudia. Kama jirani au aliyemtangulia aliwahi kulaza wageni na akabadilisha matumizi rasmi ya ploti kutoka makazi hadi biashara, kiwango chake cha reti kinaweza kuwa cha juu tangu siku ile, hata kama leo anaishi na familia yake tu. Dada, muulize historia ya nyumba.

---

Bint Ngala

Nimerudi, na nina mambo matatu.

Kwanza, nilikwenda tena kwa jirani, nikampelekea na mahamri ya watoto, na akaniruhusu niisome bili mwenyewe. Imekunjwa mara nne, na mkunjo umepita juu ya mstari ambao Mzee alisema nitazame. Neno la kwanza linasomeka, ni «salio», lakini tarakimu zimefutika kabisa kwa jasho na unyevu. Reti ya mwaka huu nayo nusu yake iko ndani ya mkunjo huohuo: inaanza na 6 au 8, sina hakika. Namba ya ploti ina mkwaju na 3 baada yake. Hati ninayoinunua ina mkwaju na 4.

Pili, kuhusu historia: jirani anasema kwamba miaka ya tisini upande wa mbele kulikuwa na duka la vinyago la Mtaliano mmoja. Hajui kama matumizi yalibadilishwa kwa maandishi.

Tatu, muuzaji sasa anataka tugawane ushuru wa faida ya mauzo, kwa hoja kwamba ni mkubwa.

---

Mama Wapangaji

La tatu nalijibu mimi. Ushuru wa faida ya mauzo, ambao ni asilimia 15 ya faida tangu Januari 2023, humlipisha anayeuza. Ushuru wa stempu humlipisha anayenunua. Wewe una 152,000 zako, yeye abebe zake. Akikazana, mwambie apunguze bei kwa kiasi hicho kwanza, halafu mzungumze. Atanyamaza.

---

Mzee wa Kibokoni

«Salio» limesomeka, binti yangu. Mimi sina la kuongeza.

---

Mpima wa Mayungu

Na mkwaju umesomeka vilevile, Mzee. Vipande vya 3 na 4 vimetoka kwa mama mmoja, na hatujui kama vipande vyote viwili vimo kwenye daftari kwa namba hizo. Inawezekana hata reti ya 6,200 aliyoambiwa dada ni ya kipande kisichokuwa chake.

---

Mwana wa Mkomani

Na duka la vinyago mnalisahau?

---

Bint Ngala

Sijalisahau. Wakili ameandika barua mbili, moja ya kuomba taarifa kamili ya reti ya ploti ya mkwaju 4 tangu ilipogawanywa, na nyingine ya kuomba taarifa ya kodi ya ardhi ya serikali kuu. Jirani amekubali tufuatane Jumatatu asubuhi aombe na ya kwake, kwa kuwa naye sasa anataka kujua analipia nini. Kwa muuzaji nimepeleka bei mpya ya 3,620,000, amana kwa wakili, na vyeti vyote viwili kabla ya salio. Amesema atafikiri hadi Ijumaa. Jirani ameniomba nimletee bahasha ngumu ya plastiki ya kuwekea bili zake, na nimekwisha kuinunua.